Kata Chochote, Usiniulize

Ewuaso Kedong
Ijumaa, 9 Mei 2025

Mama Ann,

Nimefika salama. Kazi ni ya kujenga mabweni ya shule. Msingi tumeshachimba, na fundi mkuu amenipa chumba cha mabati nilale pamoja na mifuko ya saruji. Watu wa huku ni wazuri. Asubuhi wananiambia "sopa", nami nawajibu "ipa" kwa sauti kubwa ili wajue nimejifunza, na hapo ndipo Kimaasai changu kinaishia.

Najua utashangaa mtu mzima aliye na simu mfukoni anakuandikia barua. Mtandao wa huku unashika ukipanda kilima, na nikipanda kilima jioni nikiwa nimechoka, tunaongea dakika tatu za salamu na kumi za kugombana. Wiki iliyopita wewe ulinikatia simu. Juzi nikakukatia mimi. Kwenye karatasi hakuna wa kumkatia mwenzake. Lazarus, dereva wa lori la nyasi, hushuka Kitengela kila Jumamosi kuwauzia wenye ng'ombe wa maziwa. Atakuwa anapitia hapo kwa geti. Mpe chai, hata kama ni ya rangi.

Sasa mambo yetu. Duka limekufa, na limekufa kwa mkono wangu. Ulinionya. Niliwapa watu misumari na mabati kwa deni kwa sababu wananijua, na hao wanaonijua wakaanza kupitia barabara ya nyuma. Nimekubali makosa. Sacco walionikopesha wanataka elfu kumi na nane kila mwezi hadi Desemba, la sivyo ploti na nyumba iliyo juu yake itapigwa mnada. Mshahara wangu wote nitakutumia, nitabaki na ya chakula tu. Wewe ndiye unajua kushika pesa. Kata chochote unachoona kinafaa kukatwa, usiniulize, kwa sababu ukiniuliza nitabishana. Kitu kimoja tu: elfu moja ya mama yangu usiguse.

Msalimie Ann, mwambie asome.

Wako,
Wachira


Kitengela
16 Mei 2025

Baba Ann,

Barua nimepata. Lazarus amekunywa vikombe viwili, tena vya maziwa, usije ukasema nimemnyima.

Nimeanza. TV ya kulipia nimeitoa. Gesi ni ya chai ya asubuhi, mengine yote ni jiko la makaa. Nyama ni Jumapili. Ann nimemwondoa kwa basi la shule, anatembea. Alilia siku moja akanyamaza. Maziwa sasa ni nusu lita. Mimi mwenyewe sijasuka nywele, nimefunga kitambaa, na wateja wanaoniletea sare za kushona wananiuliza kama nimefiwa. Ya Mama sijagusa. Elfu moja yake nampa tarehe mosi, mkononi, vile ulivyokuwa ukimpa.

Unajua kwa nini niko hivi. Baba yangu, Mzee Kiilu, alikuwa mtu wa kutoa kama wewe. Kibwezi nzima ilimpenda. Siku madalali walipokuja walibeba mpaka sufuria iliyokuwa motoni, wakamwaga chini muthokoi wetu wa mahindi na maharagwe tukiangalia. Nilikuwa na miaka tisa. Tangu siku hiyo nikiona pesa ikitoka kwenda kwa mtu asiye wa nyumba yangu, nahesabu tena iliyobaki. Si uchoyo, Baba Ann. Ni woga.

Nina swali. Hii mia tano ya welfare, chama cha kuzikana cha kina Mzee Kiama, tunaitoa kwa nini? Miaka kumi na moja tunazika watu wa wengine, na kwetu hakuna aliyekufa. Hiyo ni elfu sita kwa mwaka. Nijibu.

Kathini


Ewuaso Kedong
23 Mei 2025

Mama Ann,

Nilisema usiniulize. Umeniuliza, sasa wacha nibishane.

Welfare usiguse. Unasema hakuna aliyekufa kwetu kana kwamba tumepata hasara! Sisi tuliohamia Kitengela, awe Mkikuyu, awe Mkamba, awe Mluhya, hatuna ukoo hapo. Ukoo wetu ni ile mia tano. Mtu akifa, kina Kiama wanaleta basi, jeneza, sufuria, vijana wa kuchimba na akina mama wa kupika siku nne. Wanakufikisha hadi kwenu bila kuuliza uko na nini mfukoni. Lakini ukikosa miezi mitatu jina linafutwa, na hakuna cha kuomba msamaha.

Unamkumbuka Wanjala wa pale kwa kinu cha posho? Aliachia miezi mitatu, mkewe akafariki mwezi uliofuata. Alimzika kwenye makaburi ya umma. Tulikuwa watu tisa, nikihesabu mchungaji na wale wawili waliolipwa kuchimba. Wanachama walipita barabarani wakiangalia mbele. Wanjala mpaka leo hapendi kuniangalia usoni kwa sababu nilimwona siku hiyo.

Mama yangu hatazikwa hivyo. Ana miaka sabini na sita. Kata sukari yangu, kata nauli yangu ya kuja nyumbani, lakini ile mia tano ifike kwa mweka hazina, Nduta, kila mwezi. Tafadhali.

Na macho ya Mama yanaendeleaje? Nilipotoka alikuwa akimwaga chai nje ya kikombe.

Wachira


Kitengela
13 Juni 2025

Baba Ann,

Nimesikia ulivyosema kuhusu welfare.

Mei tumeivuka. Elfu kumi na nane imeingia Sacco siku mbili kabla ya tarehe. Nililia nikiwa nimesimama pale kwa kaunta, karani akaniuliza kama kuna mtu ameniibia. Sijui nitakuelezaje furaha hiyo. Wewe ukitoa unafurahi, mimi nikiona deni limepungua ndipo ninapumua.

Madaktari wa macho walikuja kanisani, wakampima Mama bure, wakamwandikia miwani. Miwani yenyewe ni elfu tatu. Nilimwomba tungoje Januari. Akasema hana haraka, Kitengela hakuna kipya cha kuona. Najua ulisema ya Mama nisiguse, lakini hii si kukata, ni kuahirisha. Usinielewe vibaya.

Juzi alitia chumvi kwenye chai akidhani ni sukari, maziwa yote yakamwagwa. Nilimpandishia sauti. Baadaye nilienda chumbani kwake nikamwomba msamaha, akanicheka tu.

Kathini


Kitengela
Julai 4

Mwanangu Wachira,

Ni mimi Mama. Ninaandika na mkono wangu. Mwalimu wa gumbaru, ile shule ya watu wazima, alinifunza vizuri na sijasahau. Ninaandika Kiswahili, sio Kikuyu, kwa sababu Kathini akiona barua iko na Kikuyu atafikiri tunamsema.

Lazarus amenipatia ile bahasha. Elfu tatu yote, hakutoa kitu. Mungu akubariki. Maneno ya miwani usijali, iko sawa. Naona mpaka Ngong.

Usitume ingine. Najua hiyo ni pesa ya tumbo lako. Kathini sitamwambia kwa sababu umeniomba, lakini sio vizuri kumficha bibi yako. Huyu msichana hana ubaya. Analala akihesabu, namsikia kwa ukuta. Mtu ameona sufuria ya mama yake ikibebwa na chakula ndani, utamlaumu na nini?

Kuku wangu ni wanane na wanataga. Mambo mengine ya hapa nyumbani wachia mimi. Wewe jenga shule ya watoto wa watu.

Ukiona mistari imepanda usicheke. Ni hii meza, inacheza.

Ni mimi mama yako,
Nyaguthii


Kitengela
29 Agosti 2025

Baba Ann,

Ya Agosti imeingia. Tumebakisha minne. Lazarus anasema umekonda hadi suruali unaifunga na kamba. Kwani pesa ya chakula unapeleka wapi? Kula.

Nina malalamiko kidogo. Kuku wa Mama wamebaki watatu. Nikimuuliza ananiambia ni mwewe. Mwewe gani huyo anakula kuku watano na haachi hata unyoya? Nadhani anawauza na pesa anapeleka kanisani. Ni kuku wake, sisemi kitu, ila mayai yalikuwa yakitusaidia. Tena kila mwanzo wa mwezi anafunga kile kitambaa chake cha manjano, anatoka, anarudi baada ya saa nzima. Nikimuuliza alikuwa wapi, eti ananyoosha miguu. Siku hizi anatembea akipapasa ukuta. Pia ameanza kukohoa, nimemchemshia tangawizi.

Unajua tumegombana mara ngapi tangu Mei? Hata mara moja. Labda tungeanza kuandikiana siku tulipooana.

Kathini wako


Ewuaso Kedong
31 Oktoba 2025

Mama Ann,

Nimerudi kazini jana. Fundi mkuu alinipa pole, kisha akanipa mwiko, na kusema kweli nilishukuru kupata kitu cha kushika.

Wiki mbili zimepita tangu tumzike Mama na bado nikiona kitambaa cha manjano nageuka. Homa ya mapafu, siku tano, basi. Nilipoliona lori la Lazarus limekuja Jumatatu, tupu, bila hata gunia la kubeba nyasi, nilijua kabla hajafungua mlango. Nilikaa chini palepale kwenye kokoto.

Lakini mazishi yale, Mama Ann! Mabasi mawili mpaka kwetu Nyeri. Sufuria za akina mama zikichemka kuanzia alfajiri. Mzee Kiama mwenyewe, na miguu yake mibovu, akisimamia vijana kaburini huku mvua ikimpiga. Hakuna aliyeniuliza niko na shilingi ngapi. Ndiyo maana nilisimama nikasema vile mbele ya watu wote, kwamba tumekata kila kitu kwetu, tumekata hadi maziwa, lakini mke wangu, mtu niliyemwita mchoyo miaka yote hii, hakulikata jina la mama yangu. Watu wakapiga makofi kaburini, kitu ambacho sijawahi kuona. Wewe uliinamisha kichwa. Nilijua ni huzuni.

Nisamehe kwa kila mara niliyokuita mchoyo.

Wachira wako


Kitengela
7 Novemba 2025

Wachira,

Haikuwa huzuni.

Niliacha kulipa welfare mwezi wa Mei. Nilipokuuliza nilikuwa tayari nimeacha. Barua yako yenye habari za Wanjala niliisoma nikiwa nimesimama jikoni, nikaapa kwamba nitalipa Juni. Juni Ann akahitaji viatu, vile vya zamani vilikwisha kwa kutembea. Julai ilipoisha nikajiambia ni miezi mitatu, jina limeshafutwa, hakuna tena haja. Nikimwona Nduta sokoni nilikuwa nabadilisha njia. Yeye hakuniita hata siku moja, nami nikadhani ananidharau.

Asubuhi Mama alipofariki nilimpigia simu Mzee Kiama nikiwa tayari kupiga magoti. Sikumaliza kusema. Akaniambia, "Pole sana mama, mabasi yako tayari." Nilifikiri wametuhurumia, nikanyamaza. Halafu ukasimama kaburini ukanishukuru, na mimi nikainamisha kichwa nikapokea makofi ambayo si yangu. Ningeweza kusema pale. Sikusema.

Jumatatu nimesafisha chumba chake. Chini ya godoro kulikuwa na mfuko wa sukari umekunjwa vizuri. Ndani mna risiti sita za welfare, Mei hadi Oktoba, mia tano mia tano, kwa jina lako. Pamoja nazo kuna ile karatasi ya daktari wa macho. Kumbe ndiko alikokuwa akienda na kitambaa chake cha manjano. Kwa Nduta ni mbali, Wachira, na lazima uvuke barabara kuu ya Namanga. Alikuwa akiivuka na macho yale.

Pesa alitoa wapi? Elfu moja niliyokuwa nikimpa, nusu alikuwa akimnunulia Ann madaftari, na iliyobaki ilikuwa ya sadaka na dawa ya magoti. Labda ni kuku. Kama unajua, niambie.

Nilimpandishia sauti kwa sababu ya chai. Hilo ndilo linaninyima usingizi.

Sasa unajua ulioa nani. Fanya unavyoona.

Kathini


Ewuaso Kedong
28 Novemba 2025

Kathini,

Wiki tatu nimeshindwa kuandika. Lazarus amekuja mara mbili kuuliza kama niko na barua, nikamwambia karatasi zimeisha.

Nimekasirika, sitakudanganya. Nilikuomba. Niliandika tafadhali. Nikiwaza kwamba angefariki Agosti bila ya hizo risiti, na mimi nimesimama na watu tisa nikijiuliza wengine wako wapi, naweka mwiko chini.

Lakini umeuliza pesa ilitoka wapi. Ni kwangu. Barua yako ya miwani ilinichoma. Nilimpa Lazarus elfu tatu amfikishie Mama mkononi, wewe usijue. Ndiyo maana nilikonda. Mama akaniandikia kwamba miwani iko sawa, anaona mpaka Ngong. Barua yenyewe ninayo hapa. Mistari imepanda na kushuka, maneno mengine yameandikwa juu ya mengine, na yeye akasema ni meza inacheza. Nami nikaamini ni meza. Mtoto aliyemzaa mwenyewe, nikaamini ni meza!

Kama ningekwambia wewe, ungemuuliza siku ileile miwani iko wapi. Hakuna pesa inayokupita. Angevaa miwani, na angeuona uso wa Ann vizuri mwaka huu wa mwisho. Kwa hivyo hata mimi nina langu la kuninyima usingizi. Wewe ulinificha, mimi nikakuficha, na yeye akatulipia sote.

Kazi inaisha katikati ya Desemba. Ya mwisho ya Sacco nitatuma, hiyo usiwe na wasiwasi. Kama nitakuja mimi mwenyewe, bado sijui.

Ila kuku sielewi. Elfu tatu ni risiti sita kamili. Hazikuhitaji kuku.

Wachira


Kitengela
5 Desemba 2025

Baba Ann,

Leo asubuhi nimeenda kwa Nduta. Nilitaka kulipa Novemba na Desemba kwa mkono wangu, na nimwambie ukweli kabla ujasiri haujaniisha. Alikuwa nje anapepeta maharagwe. Nikamwambia yote, hakushangaa. Alisema mwezi wa Juni alikuja kunitafuta kwa geti, akamkuta Mama anafagia, akamwambia kwamba sijalipa ya Mei. Mama akamshika mkono. "Huyo amechoka tu," akamwambia. "Ukimkumbusha utamwaibisha. Nitaleta mimi." Kumbe Nduta hakuwa akinidharau. Aliahidi kutoniita, na akashika ahadi.

Nikamuuliza habari ya kuku. Akaweka ungo chini, akaingia ndani, akatoa kile kitabu kikubwa cha wanachama na kufungua ukurasa wetu. Unakumbuka kila mwanachama huandika wazazi ambao chama kitawazika? Kwetu, miaka kumi na moja, kulikuwa na jina moja, Nyaguthii. La mama yangu wewe hukuwahi kuliandika, nami sikuwahi kukuomba, kwa sababu kuongeza mzazi ni elfu nne, na mimi ningekuwa wa kwanza kukataa. Mama yangu angefariki Kibwezi leo, tungeenda wawili na mkoba.

Jina la Nyaguthii limepigwa mstari mwekundu, Nduta alilikata Oktoba. Chini yake, tarehe kumi na moja Agosti, kuna jina lingine. "Nzula Kiilu, mama ya Kathini." Elfu nne, zimelipwa.

Nduta anasema alimuuliza, "Mama, pesa hiyo si ununue miwani?" Mama akamjibu, "Huyu msichana anaogopa sana. Siku moja atajua mama yake ako na watu wa kumbeba, na atalala." Nduta akataka kumwandikia lile jina. Mama akakataa, eti yeye alisoma gumbaru. Ameliandika mwenyewe. Herufi zimeacha mstari, zikapanda juu mpaka zimegusa jina lake.

Nimelipa. Nduta akanipa kalamu nitie sahihi, nikashindwa kuona pa kuandika.

Jumamosi ijayo panda lori la Lazarus, hata kama ni juu ya nyasi. Hasira yako usiiache huko. Njoo nayo, tutakaa nayo hapa.

Kathini